Gombera wa Dublin: John Henry Newman na chuo kikuu kisichokuwa na hati

Ndugu wasikilizaji, John Henry Newman wengi tunamjua kwa kalamu yake. Alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, akawa padri wa Kianglikana na mkufunzi huko Oxford, akapokelewa katika Kanisa Katoliki tarehe 9 Oktoba 1845, akapadrishwa Roma mwaka 1847, akawa Kadinali mwaka 1879 na kutangazwa mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019. Jioni hii nataka tuitazame miaka saba ambayo waandishi wengi huipitia mbio: kuanzia Novemba 1851 hadi Novemba 1858, alipokuwa Gombera, yaani mkuu, wa Chuo Kikuu Katoliki cha Ayalandi. Nataka tumwone mwanataalimungu akihangaika na kodi ya nyumba, mishahara, ratiba na barua zisizojibiwa.

Kwanza, chuo kilitakiwa kwa sababu gani? Mwaka 1845 serikali ya Uingereza ilianzisha vyuo vitatu vya Malkia, huko Belfast, Cork na Galway, ambamo dini haikuwa na nafasi katika masomo. Trinity College ya Dublin ilikuwa ikiwapa Wakatoliki shahada tangu 1793, lakini nafasi za kudumu za ualimu walifungiwa mpaka 1873. Sinodi ya Thurles ya mwaka 1850, mkutano wa maaskofu wa Ayalandi, ikavikataa vyuo vya Malkia, na maaskofu wakaazimia kujenga cha kwao. Askofu Mkuu Paul Cullen akamfuata Newman huko Uingereza, kwanza amtolee mihadhara Dublin, kisha awe mkuu wa chuo chenyewe.

Mihadhara ilikuwa mitano, kila Jumatatu, kuanzia tarehe 10 Mei hadi 7 Juni 1852. Hoja yake kuu inajulikana: elimu ina thamani yake yenyewe hata kabla hujauliza italeta kazi gani, na chuo kikuu kikiiondoa taalimungu kinaacha pengo ambalo masomo mengine yatalijaza vibaya. Lisilojulikana sana ni hali aliyokuwa nayo alipokuwa akiyasema hayo. Wiki mbili baada ya mhadhara wa mwisho alisimama mahakamani London kwa kesi ya kumkashifu Giacinto Achilli, mtawa wa zamani aliyekuwa akizunguka akilishambulia Kanisa. Alikutwa na hatia, na Januari 1853 akatozwa faini ya pauni 100. Gharama za kesi zilikuwa maelfu ya pauni, zikalipwa kwa michango ya Wakatoliki. Ziada ya michango hiyo tutakutana nayo baadaye.

Alisimikwa rasmi Pentekoste, tarehe 4 Juni 1854, na masomo yakaanza tarehe 3 Novemba mwaka huohuo katika nyumba namba 86, St Stephen's Green. Wanafunzi walikuwa 20 hivi. Msishangae uchache huo. Njaa kuu ilikuwa imetoka kuikumba Ayalandi miaka michache tu kabla, shule za sekondari za Kikatoliki zilikuwa haba, na mzazi mwenye uwezo aliweza kumpeleka mwanawe Trinity na kumrudisha na shahada inayotambulika.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo Newman alipojua kazi yake hasa. Alipokuwa mkufunzi wa Oriel College kule Oxford alisisitiza kwamba mkufunzi ana dhamana ya roho na tabia ya kijana, pamoja na masomo yake. Mkuu wa chuo, Edward Hawkins, hakukubali, akaacha kumpa wanafunzi wapya. Wazo hilo alilihifadhi karibu robo karne, na Dublin akalijengea nyumba. Hakutaka bweni moja kubwa. Alitaka makazi madogo madogo, kila moja likiwa na mlezi wake, kanisa lake dogo, na wakufunzi vijana wanaokaribiana umri na wanafunzi. Profesa angefundisha ukumbini mbele ya wote. Mkufunzi angekaa na wachache, awaulize wameelewa nini. Kwa maoni yake maprofesa peke yao wanatosha chuo kuwepo, lakini hakitastawi bila makazi. Makazi mojawapo aliyaongoza mwenyewe katika nyumba aliyokuwa akiishi, Harcourt Street.

Katika kuchagua walimu alikuwa na jicho. Mfano ni Eugene O'Curry, aliyepewa kiti cha historia na mambo ya kale ya Ayalandi. O'Curry alijisomea mwenyewe miswada ya Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, hakuwahi kukaa darasa la chuo kikuu. Gombera alikuwa akihudhuria mihadhara yake, yeye Mwingereza asiyejua lugha hiyo, ili mwalimu asiyezoea jukwaa apate moyo. Kwangu hilo ni tendo la uongozi lenye uzito kuliko waraka wowote alioutoa.

Na ile ziada ya michango ya kesi? Ilisaidia kujenga kanisa la chuo. Msanifu wake alikuwa John Hungerford Pollen, na lilifunguliwa siku ya Kupaa Bwana, tarehe 1 Mei 1856. Kiwanja hakikuwepo, kwa hiyo lilijengwa katika bustani nyuma ya nyumba. Ukipita barabarani unaona ukumbi mdogo tu wa kuingilia, umebanwa kati ya nyumba mbili. Ukiingia ndani unakuta basilika ndefu yenye kuta za marumaru za Ayalandi kwenyewe, ikiwamo ya kijani kutoka Connemara.

Sasa tuje kwenye yaliyokwama, nayo yalikuwa matatu, yakifungamana.

La kwanza ni mamlaka. Mwanzoni mwa 1854 Newman alidokezwa kwamba Papa angemfanya askofu, na marafiki wakaanza kumletea zawadi za cheo hicho. Uaskofu haukuja, na hakuna aliyemweleza sababu. Jambo hili huchukuliwa kama suala la heshima, nami sikubaliani. Chuo kilikuwa mali ya maaskofu, na Gombera ambaye si askofu alibaki mwombaji mlangoni mwa kikao chao. Tena maaskofu wenyewe hawakuwa kitu kimoja: Askofu Mkuu John MacHale wa Tuam hakuridhika na namna Cullen alivyokishika chuo. Cullen naye alikuwa na desturi ya kuziacha barua za Newman bila majibu. Juu ya hayo, Newman aliendelea kuwa mkuu wa Oratori, jumuiya ya mapadri huko Birmingham, akivuka bahari huku na huku. Makamu wake, Patrick Leahy, aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Cashel mwaka 1857. Chuo hakiendeshwi na mkuu aliye safarini na makamu aliyekwisha kuondoka.

La pili ni fedha. Chuo kiliishi kwa sadaka za parokia, nyingine zikitoka kwa Waayalandi waliohamia Marekani. Newman alipendekeza walei wenye ujuzi wa hesabu washiriki kusimamia fedha, kwa kuwa wao ndio wazazi na ndio walipaji. Hakukubaliwa. Mlei aliyekuwa akitoa hakuwa na mahali pa kuuliza fedha imekwenda wapi.

La tatu ndilo lililouma kuliko yote: hati ya kifalme, yaani kibali cha serikali cha kutoa shahada zinazotambulika. Papa Pius IX alikipa chuo uwezo wa kutunuku shahada, lakini serikali haikuzitambua. Kijana angesoma miaka yake yote, afaulu, kisha cheti chake kisifungue mlango wa ofisi yoyote ya umma. Mzazi gani angelipa ada mwaka wa pili na wa tatu?

Lipo tawi moja ambalo Newman aliliona mapema kwamba litakwepa kikwazo hicho, nalo ni tiba. Mwaka 1854 jengo la shule ya udaktari katika Cecilia Street lilikuwa likiuzwa. Lilinunuliwa kimyakimya kupitia mtu wa kati, ili wauzaji wasirudi nyuma wakijua mnunuzi ni nani, na masomo yakaanza mwaka 1855. Tofauti yake ni hii: leseni ya kutibu haikutoka chuo kikuu. Ilitolewa na vyombo vya taaluma kama Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, ambavyo viliangalia kama mtahiniwa amehudhuria mihadhara inayokubalika. Mihadhara ya Cecilia Street ilikubalika. Mwanafunzi wa fasihi alitoka na karatasi isiyotambulika. Mwenzake wa tiba akaenda kufanya mtihani na kufungua zahanati.

Newman alijiuzulu Novemba 1858, akarudi Birmingham, na mwaka uliofuata akafungua shule ya wavulana. Hati aliyoililia ilipatikana kwa njia nyingine mwaka 1908, Chuo Kikuu cha Taifa cha Ayalandi kilipoundwa kwa sheria na mrithi wa chuo chake akaingizwa humo. Kitivo cha tiba kilijiunga kikiwa hai na wanafunzi wake, kikaendelea kufundisha katika jengo lilelile la Cecilia Street hadi mwaka 1931.