Mapengo ya Simba wa Ufini

Habari za jioni, ndugu zangu. Kabla ya picha, hebu kila mmoja apitishe kidole pembeni mwa stempu niliyomgawia. Vimeno mnavisikia? Hapo kati palikuwa na vitundu: sindano za mashine zilitoboa karatasi na kung'oa vipande vidogo vya duara.

Penny Black, stempu ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1840, haikuwa na hata kitundu kimoja. Watu walikata kwa mkasi. Mwaka 1847 Mwairishi Henry Archer akapeleka wazo la mashine. Majaribio yake ya kwanza hayakutoboa, yalichanja: vile vidogo vilipasua karatasi bila kutoa chochote, lakini pia vikaila meza iliyokuwa chini yake. Ndipo akageukia sindano, na mwaka 1853 serikali ya Uingereza ikanunua haki za uvumbuzi wake kwa pauni 4,000.

Wengi wetu habari hii tunaiishia hapo. Mimi nawaomba twende Ufini, mwaka 1860, kwa sababu kule uchanjaji wa karatasi uliendelea kuishi, tena kwa umbo ninalolipenda kuliko yote. Walichanja kwa mawimbi. Mkato unapanda na kushuka kama nyoka anayetambaa, kiasi kwamba jino la stempu hii linalala ndani ya bonde la jirani yake. Tazameni stempu ya kopeki 5 (fedha ya Kirusi) ya buluu hapa ukutani: simba mwenye taji katikati, na kumzunguka meno marefu, kila moja kama ulimi mdogo.

Urefu huo ndio uliowaponza. Karani wa posta ana foleni mbele yake, anavuta haraka, jino linakatika. Kwa hiyo stempu nyingi zilizotufikia zina mapengo, na iliyobaki na meno yote bei yake hupaa. Stempu za vitundu vya duara zilikuja Ufini mwaka 1875.

Ukiuziwa yenye meno kamili, usifurahi upesi. Igeuze, iinue kwenye mwanga, pitisha kioo cha kukuzia kwenye shina la kila jino. Wapo wanaobandika meno ya karatasi nyingine kwa ustadi mkubwa, na unaoonekana ni mstari mwembamba tu, pale nyuzi za karatasi zinapokatika ghafla.

Yangu ina mapengo manne. Nimekuja nayo, ipitisheni mkono kwa mkono, ila ishikeni kwa kibanio, tafadhali, meno yaliyobaki ni dhaifu.