London watakujua kwa miguu kabla hujafungua mdomo

Watu wangu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma, na nyinyi wa Nakuru mnaojifanya mko Nairobi, hamjambo? Wanaojiandaa kuja London swali lao ni lilelile: nikiongea, watanicheka? Lafudhi tutaifikia. Kwanza tuangalie miguu na mikono, maana hiyo ndiyo inayokuuza mapema.

Kwenye ngazi za umeme za treni za chini ya ardhi, simama kulia. Kushoto ni kwa wanaotembea. Ukijipanga kushoto na sanduku lako, nyuma yako watu watajazana kama steji ya Kondele saa kumi na mbili jioni. Hakuna atakayekufokea. Utasikia tu "samahani" kavu, na hiyo huku ni matusi. Treni ikifika, kaa kando ya mlango, wanaoshuka watoke kwanza.

Geti la nauli ndilo linaloumbua watu. Mgeni hufika pale ndipo aanze kupekua mkoba. Mwenyeji kadi iko mkononi tangu mbali. Kadi ya benki ya kugusisha inafaa, simu pia inafaa, ila chagua kimoja. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo iliyo ndani ya simu, mtambo unazihesabu kama abiria wawili. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, unaacha safari mbili ambazo hazijakamilika, na kila moja inaweza kutozwa nauli ya juu kabisa. Treni unagusisha ukiingia na ukitoka. Basi ni mara moja tu, ukipanda kwa mlango wa mbele. Na usimnyooshee dereva noti ukingoja chenji: mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014, na makanga wa kubishana naye hakuna. Raha yake ni kwamba ukishalipia basi la kwanza, mengine utakayopanda ndani ya saa moja ni bure, mradi kadi iwe ileile.

Kupiga gumzo na jirani wa kiti asubuhi si kosa. Watadhani tu unauza kitu, au umetoka kaskazini mwa Uingereza.

Naam, nao wana mambo hayo. Sisi tunasema Mluhya ni ugali na kuku, Mjaluo majigambo, Mkikuyu pesa. Wao watakwambia mtu wa Yorkshire ni bahili, na akitajwa wa Liverpool, mtu anajitia kuficha simu. Lafudhi ya Birmingham ndiyo inayoonewa zaidi: utafiti wa Howard Giles, mtaalamu wa saikolojia ya lugha, wa 1970 uliikuta mkiani kwa kuheshimika, na tafiti za karne hii zinaikuta palepale. Kwa hivyo yule msimamizi anayekutazama kama mshamba, huenda naye alitoka mkoani akaificha yake.

Wewe unayesema "samba" ukimaanisha shamba, au Mbukusu wa "papa" badala ya baba, tulia. Tofauti hiyo inayowachekesha watu wa Nairobi, huku hakuna anayeisikia. Kinachowapotezea maana ni kwamba sisi tunazipa silabi zote uzito mmoja, wao wanakaza moja na kumeza zilizobaki. Southwark wanaita "Sadhak", Leicester Square ni "Lesta Skwea". Jifunze majina ya vituo vyako, punguza kasi, basi. Usianze kutweng', lafudhi ya kuigiza inachoka katikati ya sentensi, na hapo ndipo wanacheka kweli.

Kazini mambo ni mengine. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kubaguliwa kwa rangi, uraia au asili ya kitaifa na kikabila. Lafudhi yenyewe haimo kwenye orodha, lakini ikitumiwa kukupiga kwa asili yako, una pa kushika. Andika siku hiyohiyo: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Usikawie, madai yana muda wa mwisho.

Na simu za ofisini? Jina lisiposikika, usilirudie kwa sauti kubwa. Litaje herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na kile kikoma cha ng' kiache kama pasipoti haina, maana fomu nyingi za mtandaoni hukikataa. Kila herufi ipe neno lake la kimataifa la kutajia herufi. Ochieng' basi linakuwa: Oscar, Charlie, Hotel, India, Echo, November, Golf.