Ameloblasti, Maji ya Kisima na Jino Lisiloota Upya

Ndugu zangu, karibuni. Pitisha ulimi juu ya meno yako ya mbele. Huo utelezi unaousikia ni enameli. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na mwilini hakuna kilicho kigumu kuishinda. Ila ndani yake hamna seli hai hata moja. Waliojenga ukuta huu, seli ziitwazo ameloblasti, hutoweka jino linapochomoza kwenye fizi. Ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga, lakini jino lililotoboka halijizibi.

Kwa hiyo maabara inayotaka kutengeneza enameli upya lazima ianze kwa kuwatafuta wajenzi hao. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walizipa seli shina za binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ishara za kikemikali kwa zamu, kama jino linavyofanyika tumboni, hadi zikawa ameloblasti changa. Zilitoa protini tatu: ameloblastini, amelojenini na enamelini. Ziliiva vizuri zaidi zikiwa karibu na odontoblasti, seli zinazotengeneza dentini, tabaka gumu lililo chini ya enameli.

Kutoa protini ni kazi nyepesi. Kupanga ndiko kugumu. Ameloblasti husimama wima, nyembamba, ikirudi nyuma takriban mikromita 4 kwa siku huku ikiacha uzi wa fuwele. Unene wa milimita 2 unataka siku 500 hivi! Ikikosa kujua juu ni wapi na chini ni wapi, unapata chokaa tu, si enameli.

Baadaye protini hizo hizo huvunjwa na kuondolewa: kimeng'enya kiitwacho MMP-20 huanza, kingine, KLK4, humalizia. Wakati huo fuwele zinazonenepa hutoa asidi, nayo isipopoozwa kwa bikaboneti, ukuaji husimama.

Hapo ndipo jirani zetu wa Singida wanapoingia. Floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya visima, ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengwa, protini huchelewa kuondoka. Jino hutoka na vitundu vidogo, jeupe kama chaki, kisha hunyonya rangi hadi likawa kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Akina mama, kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale. Magadi ya kulainishia maharage nayo huweza kuongeza floraidi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, uji na maji ya kunywa yatoke kwenye kisima kilichopimwa floraidi, au tangi safi la mvua.