Nilisimama juu ya blanketi na soksi yenye tundu

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Taa leo si nzuri, mtanisamehe, watoto wamelala na sitaki kuwasha ya sebuleni. Wengi mmeniuliza kwenye maoni: mbona binti yako alivaa shati la rangi ya chungwa, kuna sherehe gani huko Winnipeg, Kanada? Si sherehe.

Shati lile lina kisa chake. Mwaka 1973, kule jimbo la British Columbia, Phyllis Webstad, mtoto wa wenyeji wa asili wa Kanada, alikuwa na miaka 6, nyanyake akamnunulia shati jipya la chungwa aanzie nalo shule. Shule yenyewe ni ya bweni, ya wamisheni, walikopelekwa watoto wa wenyeji mbali na wazazi wao. Siku hiyo ya kwanza akavuliwa, na hakuliona tena. Ndiyo maana ikikaribia tarehe 30 Septemba, ukipita shule za hapa utaona chungwa tupu.

Mwanangu alinisimulia haya nikiwa nakaanga mahamri. Kisha akaniuliza: "Mama, wewe ulivuliwa nini shuleni?"

Mimi sikuvuliwa, nilivishwa. Wa rika langu mnajua nasema nini: kile kibao cha kamba, ukisikika unaongea Kiswahili siku ya Kiingereza unakitundika shingoni, nawe unamvizia mwenzako umtundike. Jioni wa mwisho kuwa nacho anachapwa. Kwa Kiswahili hiki hiki ninachowasemesha sasa, tena Mombasa! Sisi jioni tulirudi kwetu tukaongea tutakavyo. Hawa watoto wa wenyeji jioni hawakurudi kwao. Zaidi ya watoto 150,000 walipitishwa kwenye shule hizo kwa zaidi ya miaka mia, wakinyolewa, wengine wakiitwa kwa namba badala ya jina. Maelfu walifia huko. Zile za mwisho zimefungwa miaka ya tisini, mimi nishazaliwa.

Sasa, wiki iliyopita shule ikaita wazazi. Nikadhani ni mambo ya karo za safari. Tukaambiwa tuvue viatu, na soksi yangu ina tundu, kidole gumba chote nje. Ukumbi mzima umetandikwa mablanketi. Mama mmoja wa Kianishinaabe, taifa mojawapo la wenyeji wa huku, akasema: hii ndiyo nchi, tembeeni. Tukatembea, tukasalimiana, mimi na baba mmoja Msomali tukawa tunacheka. Kisha yule mama akaanza kusoma historia, na kila akisoma, mtu anakuja anakunja blanketi. Mkataba, anakunja. Sheria mpya, anakunja. Waliopewa kadi fulani wakaambiwa watoke: nyinyi mmekufa kwa ndui. Mwishowe nimebaki na kipande cha kutosha mguu mmoja, nimemshikilia yule Msomali mkono nisianguke, na hakuna anayecheka.

Kilichonikaa zaidi ni huo mkataba. Winnipeg iko kwenye ardhi ya Mkataba wa Kwanza, kati ya serikali na wenyeji, uliotiwa sahihi tarehe 3 Agosti 1871. Waanishinaabe na Wakrii waliahidiwa dola 3 kwa mwaka kila mtu, 1875 ikapanda ikawa 5. Na leo? Dola 5, haijaongezwa hata senti. Lakini ndani ya mkataba huo huo waliahidiwa shule, katika kila eneo lao, wakati wowote wenyewe watakapoitaka. Yaani hawa watu hawakukataa elimu, waliitaka, iwe pale pale nyumbani. Walichofanyiwa ni watoto kubebwa, na 1920 sheria ikawalazimisha wazazi kuwatoa. Nikawakumbuka Wamasai wetu, mkataba wa 1904 ukisema Laikipia ni yao maadamu Wamasai wapo, na 1911 wakaletewa mwingine wa kuwahamisha.

Kwa hiyo serikali kuitumia shule kurekebisha kilichoharibiwa na shule, mimi naona ni haki. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo za bweni, ilimaliza kazi 2015 ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua, na wa 62 unataka historia hii ifundishwe kwa lazima tangu chekechea hadi darasa la 12. Lakini nisiwadanganye. Kila asubuhi shuleni wanasomewa kwenye spika kwamba hii ni ardhi ya fulani na fulani, na binti yangu anaikariri mbio mbio kama kondakta wa matatu anayetaja vituo. Hiyo haijamfunza kitu. Aliyemfunza ni yule mzee aliyekuja darasani akawaambia namba aliyopewa utotoni. Binti aliporudi nyumbani siku hiyo hakutaka katuni.

Na mnaosema "hayo ni ya wazungu na wenyeji, wewe yakuhusu nini?", hebu sikieni. Mwito wa mwisho, wa 94, ulitaka kiapo cha uraia kibadilishwe, na 2021 kikabadilishwa. Mimi naapa mwezi ujao. Nitasema kwa kinywa changu kwamba nitafuata sheria za Kanada, pamoja na Katiba inayotambua haki za mikataba ya wenyeji. Nimekuwa nikifanya mazoezi hapa jikoni, na kila nikifika kwenye majina ya mataifa yao ulimi unanasa, binti ananikatiza: "Mama, si hivyo, rudia." Kwaheri ya Kianishinaabe bado hajanifundisha, asante ni *miigwech*.

Ngojeni, kuna mtu anashuka ngazi. Nimewaamsha.