Elektroni Hung'aa kwa Kupindishwa

Ndugu zangu, nimelisema hili kila nilipopewa kipaza sauti, na leo nalirudia: elektroni, ile chembe ndogo ya umeme iliyomo ndani ya atomu, haitoi mwanga kwa sababu tu inakimbia. Ipitishe ndani ya ombwe, mahali pasipo hewa, njia iliyonyooka, mwendo usiobadilika, utabaki gizani. Ipindishe kwa sumaku, itang'aa. Mwendo una kazi yake nyingine, tutaifikia.

Katika maabara ya General Electric kule Schenectady, Marekani, John Blewett aligundua kwamba elektroni za betatroni, mtambo unaozizungusha kwa sumaku huku ukiziongezea nishati, zilikuwa zikipoteza nishati. Akaisaka kwa vipokezi vya redio, akaambulia patupu. Mwanga ulikuwepo, ila bomba la mtambo ule halikuonyesha ndani.

Kisha tarehe 24 Aprili 1947, palepale, ilikuwa zamu ya sinkrotroni, mtambo mwingine wa kuzungusha elektroni, wa elektronivolti milioni 70 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe), yenye bomba la kioo kinachoonyesha ndani. Cheche zilikuwa zikiruka mara kwa mara, ndipo fundi Floyd Haber akaombwa achungulie kwa kioo cha kujitazamia, akiwa amejikinga kwa ukuta wa zege. Papo hapo akaashiria mtambo uzimwe: ameona moto wa umeme bombani! Lakini ombwe lilikuwa salama. Wenzake wakaja kutazama: doa la mwanga mweupe wa kibuluu. Nishati ikishushwa hadi milioni 40, doa linakuwa la njano. Milioni 30, jekundu na hafifu. Milioni 20, hakuna kitu. Zishikeni rangi hizo.

Najua atainuka mtu aseme, "Si umeona? Mwendo umepungua, mwanga umekufa!" Hapana, bwana. Hata kwenye milioni 20 elektroni inakimbia zaidi ya asilimia 99.9 ya mwendo wa mwanga, na bado inanururisha, yaani inatoa mnururisho, ila kwa mawimbi marefu ambayo jicho haliyaoni. Elektroni huufukuzia mwanga wake yenyewe, nusura iushike, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa mmweko hukufikia karibu kwa pamoja. Mmweko uliobanwa hivyo huwa na mawimbi mafupi, na nishati ikipanda unabanwa zaidi. Basi hiyo ndiyo kazi ya mwendo: kufupisha wimbi. Ndiyo maana redio ya Blewett haikusikia kitu.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo haraka. Andulata ni safu ya sumaku, kaskazini na kusini zikipokezana, ili elektroni ipindishwe huku na huku. Hans Motz na wenzake waliionyesha ikifanya kazi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1953. Tikisa humo elektroni ya elektronivolti bilioni 3, mtikisiko mmoja kila sentimita 2, na zile sentimita 2 zitafupika mara makumi ya mamilioni, ziwe urefu wa wimbi la mwanga wake. Hizo ni eksirei.

Leiza ya elektroni huru, ambamo elektroni hujipanga makundi membamba na kunururisha kwa pamoja, inataka siku yake. Eksirei za namna hiyo zilianza Stanford mwaka 2009, na Hamburg wakafuata 2017. Mwenye swali juu ya kupindishwa aje hapa mbele, tuchore pamoja.