Spika mpya za gari kwa bajeti ndogo: tunaanza na mlango

Karibu mtazamaji. Leo tunabadilisha spika mbili za milango ya mbele. Redio hatuibadilishi, na amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti, hatununui. Fedha tutakayookoa tutaitumia kwenye kitu ambacho wengi hukiruka: mlango wenyewe.

Nimeshika spika iliyokuja na gari. Itazame kwa karibu. Fremu ni plastiki, koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka, ni karatasi nyembamba, na sumaku ya nyuma ni ndogo kuliko kiganja changu. Ilitengenezwa iwe nyepesi na isigharimu sana, basi. Ukiongeza sauti inakoroma, na maneno ya mwimbaji yanafifia. Lakini nakuomba usiitupie lawama zote. Ukiipiga spika hii ndani ya boksi imara, itakushangaza. Tatizo kubwa ni pale ilipofungwa.

Angalia ninavyosukuma koni taratibu kwa vidole. Ikienda mbele inasukuma hewa mbele, na papo hapo inavuta hewa nyuma. Hewa ya nyuma ikipata upenyo wa kuja kukutana na ya mbele, zinauana, na kinachokufa kwanza ni besi. Ndani ya mlango upenyo umejaa: matundu makubwa ya kiwandani, nafasi kati ya spika na bati, nailoni iliyobanduka pembeni. Halafu lile bati la nje, jembamba, linatetemeka pamoja na muziki kama debe. Mlango ndio boksi la spika. Ndiyo maana mtu ananunua spika za bei kubwa, anazifunga kwenye mlango uleule, na sauti inabadilika kidogo tu. Inaniuma kila ninapoona fedha ya mtu ikipotea hivyo, na ndiyo sababu ya video hii.

Kabla ya kununua, pima. Spika nyingi za mlangoni ni za inchi 6.5, zingine inchi 5.25, na zile za umbo la yai ni inchi 6 kwa 9. Usiamini kipimo cha kukisia. Toa spika ya zamani au angalia kitabu cha gari. Kipimo kinachosahauliwa zaidi ni kina, yaani kutoka kwenye bati hadi mwisho wa sumaku. Teremsha kioo hadi chini kabisa ndipo upime, kwa sababu kioo kikishuka kinapita nyuma ya spika. Mimi niliwahi kufunga mlango wote, nikarudisha kila skrubu, kisha nikateremsha kioo kikagonga sumaku. Nikaanza upya kufungua. Ukiona nafasi ni finyu, weka ringi ya plastiki chini ya spika ili isogee nje kidogo.

Sasa wati. Hapa ndipo watu wanapotezwa, kwa hiyo twende pole pole. Redio imeandikwa usoni wati 50 mara 4. Tufanye hesabu pamoja. Injini ikiwaka, umeme wa gari unafika karibu volti 14.4. Amplifaya ndogo iliyo ndani ya redio haina njia ya kutoa kilele kikubwa kuliko hapo, na kilele hicho ni sawa na volti 10 hivi za kufanya kazi. Zidisha 10 kwa 10, gawanya kwa omu 4 za spika, yaani kiasi inavyozuia umeme. Unapata wati 25, na sehemu ya hizo inapotea njiani kama joto. Kwa hiyo redio nyingi za kawaida zinatoa kati ya wati 15 na 22 za kudumu kwa kila spika. Ile 50 ni ya kupiga mara moja, tena sauti ikiwa imeshaharibika.

Maana yake nini kwako dukani? Maandishi makubwa ya wati 300 kwenye boksi la spika hayakusaidii kitu. Geuza boksi utafute mambo matatu. La kwanza RMS, yaani wati za kudumu: spika inayoanzia kwenye wati chache na kuishia 40, 50 au 60 inafaa sana kwa redio bila amplifaya. La pili omu: kwa redio ya kawaida chukua omu 4. La tatu, na ndilo ninalolithamini kuliko yote, ni usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Huo unaeleza spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati moja, ukiisikiliza ukiwa mita moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Spika ya desibeli 92 kwenye wati zako 18 inalingana na spika ya desibeli 89 iliyopewa wati 36. Umepata amplifaya bila kuinunua.

Soma vizuri lakini. Ukiona usikivu umepimwa kwa volti 2.83 badala ya wati moja, na spika ni ya omu 4, basi ilipewa wati 2. Punguza desibeli 3 ndipo ulinganishe na nyingine.

Na aina je? Kwa bajeti ndogo mimi nachagua spika ya pamoja, ile yenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, katikati ya wufa, spika kubwa ya sauti nzito. Spika za vipande, wufa peke yake na twita peke yake na krosova yake inayogawa sauti kati yao, zinapendeza zaidi pale ambapo gari tayari lina nafasi ya twita kwenye dashibodi au kando ya kioo cha mbele. Kama nafasi hiyo haipo, usianze kukata plastiki za gari kwa ajili yake. Fedha yote iende mbele. Spika za nyuma ziache zilivyo, uzipunguze sauti, kwa sababu wewe unakaa mbele.

Jambo moja la kuangalia: baadhi ya magari yanatoka na spika za omu 2 na amplifaya yake ya kiwandani. Weka maltimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye ncha mbili za spika ya zamani. Ya omu 4 itasoma tatu na ushee, ya omu 2 itasoma chini ya mbili. Ukiweka spika ya omu 4 mahali pa omu 2, nguvu inapungua karibu nusu, na utadhani spika mpya ni mbovu.

Haya, tufungue mlango. Zima gari, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri, kisha subiri dakika kadhaa. Tunasubiri kwa sababu ya mifuko ya hewa ya usalama. Mfumo wake unabaki na umeme kwa muda. Baadhi ya magari yana hata sensa ndani ya mlango inayosikia mgandamizo wa hewa wakati wa ajali. Ukiiona, usiitoe, usiifunike, na usitoboe tundu jipya karibu nayo. Kwenye gari la namna hiyo usizibe matundu ya mlango kabla kitabu cha gari au fundi wa gari hilo hajakuthibitishia.

Skrubu za paneli zimefichwa. Angalia nyuma ya kishikio cha kufungulia, ndani ya mfuko wa kuvutia mlango, na chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Zikishatoka zote, ingiza kibanzi cha plastiki chini ya paneli, si bisibisi, na ubandue karibu na kila klipu. Sikia huo mlio. Klipu imetoka salama. Zunguka pande zote, kisha inua paneli juu. Usiivute kwa nguvu: nyuma bado kuna waya wa swichi za kioo na kebo ya kitasa. Vichomoe kwanza. Klipu moja mbili zikivunjika usihofu, zinauzwa, nunua za akiba mapema.

Hii nailoni unayoiona inazuia maji. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia pembeni mwa kioo na kutokea matundu ya chini. Ibandue taratibu pamoja na gundi yake nyeusi, maana inarudi.

Spika hii imefungwa kwa riveti, zile pini za chuma zisizofunguka kwa bisibisi, kwa hiyo natoboa vichwa vyake kwa drili. Baada ya hapo chukua kifyonza vumbi ukusanye vipande vyote vya chuma. Usiruke hatua hii. Kipande kimoja kikidakwa na sumaku ya spika mpya, kitakwaruza humo ndani milele.

Sasa sehemu ninayoipenda. Gonga bati la nje kwa kidole kupitia tundu la spika. Umesikia? Tiing. Linalia kama sufuria. Lisafishe kwa spiriti na kitambaa mpaka kitambaa kitoke cheupe, liache likauke. Kata utando wa butili, mpira mzito unaonata, wenye alumini juu, vipande vya ukubwa wa viganja viwili, upashe joto kidogo kama hali ni ya baridi, ubandike, kisha ugandamize kwa rola ndogo mpaka mistari ya alumini ilale. Anza moja kwa moja nyuma ya spika, halafu katikati ya sehemu pana zilizo wazi. Huhitaji kufunika bati lote. Karibu robo yake, ikiwekwa mahali panapotetemeka zaidi, inanyamazisha sehemu kubwa ya mlio. Gonga tena. Dup. Kila mlango niliowahi kuufanyia hivi hata kuufunga unasikika tofauti, mzito, kama wa gari jingine.

Ukimaliza bati la nje, njoo bati la ndani. Yale matundu makubwa yaliyofunikwa na nailoni, ziba yanayozibika kwa utando uleule, ukiyabandikia kipande cha plastiki ngumu kama tundu ni pana. Acha njia ya kebo za kitasa zitembee, na kamwe usizibe matundu ya chini ya kutolea maji. Mlango ukikosa pa kumwaga maji, kutu inaanza.

Ringi ya kushikia spika iwe ya plastiki, au ya mbao iliyopakwa rangi pande zote, maana mbao za kubanwa zikinyonya maji zinavimba na kubomoka. Weka mpira au sponji nyembamba kati ya ringi na bati, na nyingine kati ya ringi na spika, hewa isipite.

Waya. Kama umepata adapta inayoingia kwenye soketi ya gari, tumia hiyo, hukati kitu. Kama hukuipata, bana kwa viunganishi na ufunike kwa mrija wa plastiki unaonywea kwa joto. Kusokota waya na kuuzungushia tepu hakudumu ndani ya mlango. Joto linalegeza gundi. Chanya na hasi lazima zilingane kwenye milango yote miwili. Huna uhakika? Chukua betri ya volti 1.5 na uguse ncha za waya wa spika kwa sekunde moja tu, waya ukiwa umechomolewa kwenye redio. Koni ikiruka nje, waya unaogusa chanya ya betri ndio chanya. Ikivutwa ndani, umegeuza. Mlango mmoja ukiugeuza, koni moja inatoka wakati nyingine inaingia, na besi inayeyuka katikati ya gari.

Usirudishe paneli bado. Hakikisha swichi na waya zote zimerudi kwenye soketi zake, rudisha waya wa betri, washa redio kwa sauti ya chini, usikilize kila upande peke yake. Teremsha na upandishe kioo. Vikienda sawa, bandika nailoni, rudisha kebo ya kitasa uijaribu mlango ukiwa wazi, kisha paneli.

Mwisho ni kwenye menyu ya redio. Kwanza zima nyongeza zote za besi. Tafuta HPF, kichujio kinachozuia besi nzito sana zisifike kwenye spika ndogo, uiweke hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, kwa spika ya inchi 6.5, au 100 kwa ndogo zaidi. Spika ikiacha kuhangaika na mapigo isiyoyaweza, sauti ya mwimbaji inafunguka na unaweza kuongeza bila mkoromo. Redio yako haina HPF? Unganisha kapasita, kifaa kidogo cha umeme kinachozuia besi, isiyo na chanya wala hasi, ya mikrofaradi 400 hivi, kwenye waya chanya wa kila spika ya omu 4. Itaanza kupunguza besi kuanzia karibu hezi 100 kushuka chini.

Kisha kaa kwenye kiti chako cha dereva, funga milango, weka wimbo wenye mtu mmoja anayeimba na ala chache. Ongeza taratibu mpaka usikie sauti ikianza kukwaruza, halafu rudi nyuma hatua mbili au tatu. Hapo ndipo mwisho wa redio yako. Ukizidi hapo redio inakata vilele vya wimbi, na twita ndizo zinazoungua kwanza. Sogeza uwiano wa mbele na nyuma uelekee mbele mpaka za nyuma zisikike kwa mbali tu. Sasa rudia wimbo uleule tangu mwanzo, dirisha likiwa juu, na usikilize ile besi ya gitaa ambayo jana haikuwepo.