Dopamini Haionekani: Picha za Ubongo Zinatuonyesha Nini?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kubaki hadi saa hii. Nianze na lalamiko. Sikosi kutumiwa kwenye simu picha ya ubongo wenye doa jekundu, na chini yake maneno: hii ndiyo dopamini ukila chokoleti. Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Mara nyingi ni picha ya MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, na MRI ya aina hiyo haiijui dopamini. Inafuatilia oksijeni kwenye damu: sehemu ya ubongo ikizidisha kazi, damu yenye oksijeni hukimbilia huko. Ni kemikali gani iliyochochea, haisemi.

Anayeitaka dopamini yenyewe hutumia kipimo cha PET, mashine inayofuatilia mionzi ya kitu ulichodungwa, naye pia huiona kwa kuzunguka mlango wa nyuma. Unadungwa kiasi kidogo mno cha kemikali iitwayo raklopridi, iliyotiwa kaboni-11, ambayo ina mionzi. Raklopridi hukaa kwenye vipokezi vya D2, yaani vituo vya seli vinavyopokea ujumbe, vilevile ambavyo dopamini huvikalia. Chukulieni viti vya harusini: dopamini ikifurika ukumbini, raklopridi inakosa pa kukaa, na mashine inaona mionzi imepungua mahali pale. Upungufu huo ndio ushahidi wetu. Na kazi yenyewe ni ya mbio, maana kaboni-11 hubaki nusu kila baada ya dakika 20 hivi. Saiklotroni, yaani mtambo unaoitengeneza, sharti iwe jirani na mashine. Huwezi kuiagiza kutoka mji wa mbali hata kama ndege inakusubiri uwanjani.

Mwaka 1998 watafiti wa hospitali ya Hammersmith, London, waliwalaza wanaume 8 kwenye PET huku wakicheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha kifaru cha vita, kwa malipo ya fedha. Raklopridi ilipungua, yaani dopamini iliongezeka, na ilipungua zaidi kwa waliocheza vizuri. Watu wakarukia kusema dopamini ni raha. Mimi nawaomba mwangalie Vancouver, Kanada, kwanza.

Huko, mwaka 2001, timu ya Raúl de la Fuente-Fernández na Jon Stoessl ilifanya kazi na wagonjwa wa Parkinson. Hawa seli zao zinazotengeneza dopamini zimekufa kwa wingi, ndiyo maana mikono inatetemeka na hatua zinakuwa nzito. Walidungwa maji ya chumvi matupu, bila kujua kama ni dawa au siyo. Dopamini ikamwagika, kwa kiwango kinacholingana na kile cha dawa halisi. Hapo hakuna chokoleti wala mchezo. Kuna mtu anayetarajia nafuu, basi.

Lakini kilichonikosesha usingizi mimi ni utafiti wa 2010, wa Sarah Lidstone na wenzake hapohapo Vancouver. Wagonjwa waligawanywa makundi manne. Kundi moja liliambiwa uwezekano wa kupata levodopa halisi, dawa ya Parkinson, ni asilimia 25, la pili 50, la tatu 75, la nne 100. Ukweli ni kwamba wote walipewa plasebo, yaani dawa bandia. Mngetegemea nani aongoze? Bila shaka wale wa 100. Sivyo. Dopamini ilimwagika kwa kiasi cha kuaminika kwa wale wa 75 tu. Aliyeambiwa hakika hakuonyesha kitu cha maana, wala aliyeambiwa huenda asipate.

Watafiti wa wanyama walikuwa wametupa fununu mapema. Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za nyani, akaona nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli huitikia taa, na juisi yenyewe inapofika hazishtuki tena. Ila tahadhari: elektrodi ya Schultz, waya mwembamba wa kupima seli, inasoma sehemu za sekunde, PET inajumlisha dakika nyingi. Msizibebe pamoja kana kwamba zimepima kitu kimoja.

Na makundi yale ya Vancouver yalikuwa madogo, wagonjwa 35 kwa jumla, wenye ubongo uliokwisha kuathirika. Kwa hiyo ile 75 msiende nayo nyumbani kama kanuni.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali, ila wa kuuliza kuhusu mikeka ya kubeti mpira aanze yeye, maana hilo litatuchukua muda.